Nyika ya Kinango kabla ya kura: shajara ya kampeni ya wadi, Julai 2022

Jumatatu, 18 Julai. Kwale hadi Kinango

Kampeni rasmi zilifunguliwa tarehe 29 Mei na zitafungwa tarehe 6 Agosti, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu, na kanuni za Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka zinamruhusu mgombea kuhutubia watu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni tu. Mgombea ninayefuatana naye anawania kiti cha mwakilishi wa wadi katika mojawapo ya wadi saba za eneo bunge la Kinango, Kaunti ya Kwale. Wadi yenyewe sitaitaja, wala jina la mgombea, kwa kuwa wapinzani wake hawapo katika ukurasa huu kujieleza. Alifundisha chekechea kwa miaka mingi, na hadi leo watu humwita Mwalimu, hata wale waliomzidi umri. Mimi namshikia daftari la mahesabu na la kumbukumbu, kwa kuwa nimewahi kufuatilia bajeti za kaunti na ninajua mahali karatasi zake zinakopotelea.

Mwalimu hakupitia kura ya mchujo ya chama chochote. Katiba inamtaka mgombea huru awe si mwanachama wa chama kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na anayetaka kuingia bunge la kaunti aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliojiandikisha katika wadi hiyo. Sahihi hizo alizikusanya kwa miguu na kwa bodaboda, boma hadi boma, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa kampeni yake ya kweli, kwa sababu mtu anayeombwa sahihi pamoja na nambari ya kitambulisho huuliza maswali ambayo hakuna anayeyauliza kwenye mkutano wenye muziki. Alama yake katika karatasi ya kura ni mtungi. Wapo waliodhani anaahidi kugawa mitungi.

Tuliondoka mjini Kwale asubuhi, tukateremka kutoka kwenye ubaridi wa Shimba Hills kwa barabara inayopita karibu na hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje, na kadiri tulivyokwenda magharibi ndivyo miti ilivyozidi kuwa mifupi na ardhi kuwa nyekundu na tupu. Mgeni wa Diani huijua Kwale ya minazi na mchanga mweupe. Kaunti hii, iliyokuwa na watu 866,820 katika sensa ya 2019, ina upande huu wa pili wa Waduruma na mifugo yao, ambako mazungumzo yote, yaanze na ndoa au na siasa, hatimaye hufika kwenye maji.

Katika soko la Kinango Mwalimu hakupanda juu ya gari. Aliketi na wauzaji mboga, akawauliza wangetaka mwakilishi wao ashughulikie nini kwanza. Walitaja lambo lililokauka, vitambulisho vya taifa vinavyochelewa, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, dawa za shinikizo la damu, polisi wasiofika wakiitwa, basari, barabara na ndovu. Niliyaandika katika safu tatu nilizozichora mapema kwa kufuata Jedwali la Nne la Katiba, ambalo linagawanya kazi kati ya serikali ya taifa na ya kaunti. Zahanati na dawa, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, barabara za kaunti, kilimo, mifugo na huduma za maji viliingia katika safu ya kaunti. Polisi, vitambulisho, shule za msingi na za sekondari, barabara kuu na wanyamapori vilikwenda kwa taifa. Ya tatu niliiachia mambo ya pande zote mbili, kama vile majanga, na ilipofika adhuhuri ndiyo iliyokuwa imejaa kuliko zote, kwa sababu ukame hauingii katika safu moja.

Jumanne, 19 Julai. Kwenye lambo

Tulilala kwa jamaa za Mwalimu na kuamkia kwenye lambo ambalo kila mtu jana alilitaja. Lilichimbwa zamani kwa ajili ya mifugo, na sasa sehemu yake kubwa imejaa mchanga na udongo ulioletwa na mvua za miaka iliyopita kutoka kwenye miteremko iliyokatwa miti ya makaa. Mvua za misimu minne mfululizo zimekosa kunyesha ipasavyo katika maeneo kame ya Kenya tangu mwishoni mwa 2020, na Kwale ni miongoni mwa kaunti 23 zinazohesabiwa kuwa kame au nusu kame. Kilichosalia katikati ya lambo ni tope ambalo punda wanalikanyaga na watoto wanalichota kwa vikopo.

Wazee walieleza jambo ambalo sikulitarajia lielezwe kwa ufasaha kiasi hicho na watu wasiowahi kuhudhuria kikao cha bajeti. Walisema kwamba wagombea wote huahidi lambo jipya, na hakuna anayeahidi kulizoa mchanga lililopo, kwa kuwa lambo jipya huwekewa jiwe la uzinduzi lenye jina la mtu. Mzee mmoja alituonyesha mahali ambapo ukuta wa magogo na mawe ungezuia udongo usiingie tena, na akataja ni siku ngapi za trekta zingetosha. Nilimwomba arudie ili niandike vizuri. Katika hotuba zote nilizozisikia mwezi huu, hiyo ndiyo kauli iliyokaribia zaidi pendekezo la bajeti.

Kisha likaja suala la bwawa la Mwache, linalojengwa humuhumu Kinango na serikali ya taifa kwa msaada wa Benki ya Dunia, ambalo limekusudiwa kutoa lita milioni 186 za maji kwa siku, sehemu kubwa ikielekezwa Mombasa. Kijana mmoja aliuliza inakuwaje maji yatoke kwao yapite mlangoni pao kwenda mjini. Mwalimu alijibu kwamba mradi huo hauko chini ya bunge la kaunti, kwamba mwakilishi wa wadi hawezi kubadilisha mgao wake, ila anaweza kulisukuma bunge la kaunti lidai kwa maandishi sehemu ya Kwale katika maji hayo. Jibu lilikuwa sahihi. Hata hivyo bibi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya dumu lake tupu alimkatiza: “Mwanangu, mimi siulizi ni la nani. Nauliza ni lini.”

Nimelifikiria jibu la bibi huyo siku nzima. Safu zangu tatu zinamsaidia mgombea asidanganye, lakini mwenye kiu hawezi kunywa mgawanyo wa madaraka, na kiongozi anayetumia Katiba kama pazia la kujifichia hana tofauti kubwa na yule anayeahidi kila kitu. Tulikubaliana jioni kwamba kuanzia kesho, kila Mwalimu atakaposema jambo fulani si la kaunti, ataje pia ni ofisi gani inayohusika, iko wapi, na yeye mwenyewe atakwenda huko na karatasi gani.

Jumatano, 20 Julai. Madarasa na uji

Habari iliyotangulia kila mkutano leo ilikuwa ya unga. Rais Kenyatta ametangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi, ambayo imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya shilingi 200, iuzwe kwa shilingi 100. Katika duka la kijiji tulichofikia unga wa bei hiyo ulikuwa haujafika, na mwenye duka, ambaye alinunua mzigo wake kwa bei ya zamani, alikuwa akiulizwa maswali makali kuliko mgombea yeyote.

Tulizuru vituo viwili vya chekechea, na hapa Mwalimu alikuwa nyumbani. Elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti moja kwa moja, na Kwale imejulikana tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 kwa kujenga madarasa mengi ya watoto wadogo. Cha kwanza tulichokiona kilikuwa na jengo zuri la mawe, madirisha makubwa na viti vidogo vya rangi. Kilikuwa pia na mwalimu mmoja kwa watoto wanaojaa vyumba viwili, na jiko ambalo halikuwashwa moto kwa kuwa hapakuwa na unga wa uji. Watoto walikuwa wachache kuliko walioandikishwa. Mwalimu wa zamu alisema waziwazi kwamba palipo na uji watoto huja, na uji ukikosekana hubaki nyumbani wakichunga mbuzi.

Jambo hili lina sababu yake katika sheria, na inafaa wapiga kura waijue. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo katika kipindi cha kati, na kanuni za 2015 zikaweka kikomo cha mishahara kuwa asilimia 35 ya mapato. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa bila vikwazo hivyo fedha zote zingeishia katika mishahara na marupurupu. Lakini katika vitabu vya mahesabu, darasa ni maendeleo na mwalimu ni matumizi ya kawaida. Vivyo hivyo zahanati ni maendeleo, ilhali muuguzi na dawa ni matumizi ya kawaida. Matokeo yake ni kwamba kaunti huona wepesi kujenga chumba kuliko kumweka mtu ndani yake, na mwakilishi wa wadi huona wepesi kudai chumba kwa sababu chumba hupigwa picha. Mapato ya kaunti yenyewe ni madogo kulinganisha na fedha zinazotoka Nairobi: mgao wa Kwale katika fungu la taifa la shilingi bilioni 370 kwa mwaka huu wa fedha ni takriban bilioni 8.27, na kabla mtu hajapanga chochote kipya sehemu kubwa yake imekwisha kuahidiwa kwa wafanyakazi na kwa miradi ambayo haijakamilika.

Mwalimu amebadilisha hotuba yake kwa sababu ya kituo hicho. Alikuwa akiahidi kutetea madarasa zaidi. Leo alasiri aliwaambia akina mama kwamba hatadai darasa jipya hata moja katika wadi hadi yale yaliyopo yapate walimu na uji, na baada ya hapo palitokea kimya kirefu. Baadaye dereva wetu alimwambia kwamba maneno hayo yatampotezea kura katika vijiji viwili ambavyo havina darasa kabisa, na ninaamini dereva anasema kweli.

Alhamisi, 21 Julai. Matanga

Hakukuwa na mkutano leo, kwa sababu kulikuwa na matanga na watu wote wa upande huo walikuwa huko. Wagombea watatu wa kiti hiki walifika, pamoja na wajumbe wa wagombea wa ubunge, na kila mmoja alitambulishwa na kuombwa “asalimie wafiwa”, jambo ambalo kila mtu pale alilielewa kuwa ni kutoa fedha mbele ya halaiki. Mmoja alitoa noti kwa mbwembwe, akahesabiwa kwa sauti. Mwalimu alileta unga na majani ya chai, vitu ambavyo angevileta hata mwaka usio wa uchaguzi, akawakabidhi akina mama nyuma ya nyumba na kuketi nao.

Vijana walimzingira wakati wa kuondoka. Hawakuwa na ukali. Walimweleza tu, kwa heshima, kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba wenzake wamewaachia cha soda. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaharamisha kumpa mpiga kura fedha au kitu kwa ajili ya kura, na kupokea pia ni kosa, lakini sijawahi kumsikia mtu akiinukuu kwenye matanga. Mwalimu aliwauliza kama wana habari kwamba bunge la kaunti hupitisha fedha za vyuo vya ufundi, na kama yupo miongoni mwao aliyejiunga na chuo. Wawili walikuwa wamejiunga na kuacha kwa kukosa karo. Walizungumza naye kwa muda mrefu juu ya hilo, na mwishowe bado wakaomba cha soda. Siwalaumu sana. Miaka mitano mtu haonekani, na siku anayoonekana ndiyo siku pekee ambayo mpiga kura ana kitu cha kumuuzia.

Jambo jingine lilisemwa kwa sauti ya chini lakini likatufikia: kwamba Mwalimu ni mke wa huku na si mwana wa huku, na kwamba kiti kikienda kwake kitakuwa kimekwenda kwa watu wengine. Kati ya wawakilishi 1,450 waliochaguliwa katika wadi zote za Kenya mwaka 2017, wanawake walikuwa 96 tu. Wengine waliingia mabungeni kwa viti maalumu, ambavyo Katiba iliviweka ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe, lakini viti hivyo hutoka katika orodha za vyama, na mgombea huru akishindwa hana orodha ya kumwokoa. Mwalimu anajua hivyo. Alisema ameishi katika boma la mumewe kwa muda mrefu kuliko alivyoishi kwa baba yake, kisha akabadilisha mazungumzo.

Ijumaa, 22 Julai

Tulipumzika hadi baada ya swala ya Ijumaa. Nilifunga mahesabu ya wiki: mafuta ya gari ndiyo yaliyokula fedha nyingi kuliko yote, yakifuatiwa na muda wa maongezi wa simu na chakula cha waliotupokea.

Jumamosi, 23 Julai. Samburu

Tulikwenda kwa barabara ya vumbi hadi Samburu, penye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kwa kuwa watu wengi wa wadi huuzia mifugo huko na hukimbilia hospitali ya huko wanapougua. Ng'ombe waliokuwa sokoni walikuwa wamekonda kiasi cha kuhesabika mbavu, na wanunuzi walijua kwamba muuzaji hana pa kumrudisha mnyama wake. Mfugaji mmoja alimwambia Mwalimu kwamba ushuru wa soko hukatwa kwa kichwa cha mnyama bila kujali ameuzwa kwa bei gani, na akauliza ni nani aliyeuweka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu jibu lilikuwa fupi: ushuru huo huwekwa kwa sheria ya fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa kila mwaka na bunge la kaunti, yaani na watu wa kiti anachokiomba. Mfugaji alitaka kujua kwa nini hajawahi kuitwa kutoa maoni. Kwa mujibu wa sheria alipaswa kuitwa. Tangazo la vikao hivyo huchapishwa gazetini na kubandikwa kwenye ofisi, nayo ofisi iko mbali na zizi lake.

Kuhusu afya, malalamiko yalikuwa yaleyale katika kila kundi: mgonjwa hupewa karatasi akanunue dawa dukani. Kaunti huagiza dawa kwa wingi kutoka KEMSA, shirika la taifa la vifaa vya tiba, na malipo yakichelewa mzigo nao huchelewa, jambo ambalo hutokea mara nyingi kwa sababu fedha za kaunti zenyewe hucheleweshwa na Hazina ya Taifa. Hapa ndipo mwakilishi ana nguvu ambayo haionekani jukwaani. Kifungu cha 185 cha Katiba kinalipa bunge la kaunti kazi ya kuisimamia serikali ya kaunti, na mjumbe wa kamati ya afya anaweza kumwita waziri wa kaunti aeleze kwa tarakimu ni dawa gani ziliagizwa, lini, na zilifika zahanati ipi. Mwalimu alilisema hili kwenye kivuli cha duka moja, na wasikilizaji walikuwa wachache, lakini hapakuwa na aliyeondoka.

Jumapili, 24 Julai. Mackinnon Road

Wafanyabiashara kadhaa wa wadi yetu wana vibanda Mackinnon Road, basi tukaendelea kwa barabara kuu hadi huko, tukapita Taru. Wasafiri wengi wanaijua Mackinnon Road kwa msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambako madereva wa malori husimama kuomba dua. Kwa serikali za kaunti ni mahali pa ugomvi, kwa kuwa Kwale na Taita Taveta zote zinadai mji huo na ushuru wake. Mwenye kibanda mmoja alisema hajali ni kaunti gani inayomtoza mradi choo cha soko kijengwe na taka ziondolewe.

Mwalimu aliulizwa kama akichaguliwa atauleta mji wote Kwale. Alijibu kwamba mpaka wa kaunti haubadilishwi na kelele za wadi: Katiba inataka tume huru itoe pendekezo, kisha theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti waliunge mkono. Waliomuuliza walitaka jibu la vita, nao hawakuridhika.

Jumatatu, 25 Julai

Ndovu waliingia usiku katika shamba moja karibu na tulipolala na kubomoa tangi la maji. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 fidia ni jukumu la serikali ya taifa, na familia ya aliyeuawa na ndovu inastahili shilingi milioni 5, ingawa madai husubiri kwa muda mrefu. Mwalimu alimsaidia mwenye shamba kujaza fomu na kumwelekeza kwa kamati ya fidia ya wanyamapori inayokaa katika kaunti. Hakuhutubia. Kwa hesabu ya dereva wetu, asubuhi hiyo ilileta kura nyingi kuliko mikutano yote ya wiki iliyopita.

Jumanne, 26 Julai. Kupanga vipaumbele

Huu ndio mkutano ambao Mwalimu alitaka kuufanya tangu mwanzo. Kila kijiji kilileta mzee mmoja, mama mmoja na kijana mmoja, tukaketi chini ya mbuyu tangu saa mbili asubuhi. Niliwasomea yale yote niliyoyaandika katika safu ya kaunti, kisha Mwalimu akawapa habari ambayo hakuna mgombea mwingine wa kiti hiki niliyemsikia akiitoa.

Aliwaambia kwamba bajeti ya mwaka wa fedha wa 2022/23 ilikwisha kupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni na bunge linaloondoka, na kwamba yeyote atakayeshinda tarehe 9 Agosti ataingia katika nyumba ambayo fedha zake za mwaka mzima zimekwisha kupangwa na wengine. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unatakiwa kufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, wiki tatu tu baada ya kura, wakati wajumbe wapya watakuwa ndiyo kwanza wanatafuta viti vyao. Taarifa ya sera ya fedha huja Februari, makadirio Aprili, na kura ya mwisho Juni. Kwa hiyo jambo lolote jipya atakalolipigania yeye haliwezi kutarajiwa kuanza kabla ya Julai 2023, isipokuwa pakiwa na bajeti ya nyongeza. Lakini mwaka huu una nafasi ambayo hutokea mara moja kwa kipindi, kwa sababu kaunti zote zinapaswa kuandika Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa 2023 hadi 2027, na mradi usiomo katika mpango huo huwa vigumu sana kuutafutia fedha kwa miaka mitano.

Mzee mmoja aliinuka akasema kwamba mwaka mzima ni mrefu kwa mtu ambaye ng'ombe wake anakufa wiki hii. Mwingine alimjibu kwamba wamekwisha kungoja miaka tisa tangu kaunti zianze, wakiahidiwa kila kitu kwa kesho asubuhi, na kwamba afadhali kungoja jambo lenye tarehe. Walibishana wao kwa wao, Mwalimu akanyamaza, na nilishukuru kwamba alinyamaza.

Saa sita walianza kupanga. Lambo la kuzolewa mchanga liliwekwa la kwanza bila ubishi mkubwa, pamoja na ukuta wa kuzuia udongo aliouchora yule mzee wa Jumanne iliyopita. Ubishi ulikuwa juu ya la pili. Vijiji vya juu vilitaka muuguzi wa pili katika zahanati, ili ifunguliwe pia usiku na mwishoni mwa juma. Vijiji vya chini, ambavyo havina darasa la chekechea, vilitaka darasa, na mama mmoja wa huko alimkumbusha Mwalimu maneno yake ya Jumatano, akasema watoto wake wanakaa chini ya mti na hawawezi kungoja walimu wa madarasa ya wenzao wapatikane kwanza. Alikuwa na haki. Baada ya saa nzima walikubaliana muuguzi awe wa pili na darasa moja, kwa vijiji vya chini pekee, liwe la tatu; uji ukawa wa nne, na barabara ya kwenda sokoni, iliyokuwa ya kwanza katika kila mkutano wa wanaume, ikashuka hadi ya tano. Wanaume wawili waliondoka kwa hasira. Karatasi hiyo ilitiwa sahihi na waliobaki, nakala moja ikakaa kwa mzee wa kijiji ili yeyote atakayeshinda aikute.

Jioni tulisikiliza mdahalo wa wagombea urais redioni. William Ruto alisimama peke yake kwa kuwa Raila Odinga hakuhudhuria. Wenyeji wetu walilizungumzia hilo hadi usiku, na lambo halikutajwa tena.

Jumatano, 27 Julai. Mawakala

Kazi iliyobaki si ya hotuba. Kila mpiga kura atapewa karatasi sita, ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge na ya mwakilishi wa wadi, na wengi hupiga kura ya chama kimoja kutoka juu hadi chini. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na kura za kiti chetu zikisha kuhesabiwa hapo hujazwa katika Fomu 36A, ambayo mawakala hutia sahihi na kupewa nakala. Wagombea wa vyama watatumia mawakala wa pamoja, wanaolipwa na makao makuu. Mgombea huru lazima amtafute wake, amlishe tangu alfajiri hadi kura ya mwisho ihesabiwe, pengine usiku wa manane, na amwamini kwamba hatanunuliwa.

Tuliketi na daftari la mahesabu na kufuta toleo la pili la mabango pamoja na gari la vipaza sauti lililokuwa limekodiwa kwa siku ya mwisho, fedha hizo zikahamishiwa chakula na nauli za mawakala. Wengi waliokubali ni wanawake waliokuwa chini ya mbuyu jana. Vituo viwili vya vijiji vya chini bado havina mtu, na Mwalimu anataka mmoja wao awe yule mama aliyembishia kuhusu darasa, kwa sababu, kama alivyosema, mtu wa namna hiyo hatatia sahihi fomu asiyoisoma. Atakwenda kumwomba kesho asubuhi.